Kibofu Kinachouma Bila Vijidudu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kinga ya Mwili na Uvimbe Sugu wa Kibofu

Mwandishi wa maelezo haya ni muuguzi anayefanya kazi kisiwani Lamu. Maswali yaliyomo ni yale ambayo wagonjwa, wengi wao wanawake, huyauliza mlango ukishafungwa, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Yanayohitaji maelezo marefu yamejibiwa kwa urefu; mengine jibu lake ni fupi, nalo limeachwa fupi.

Uvimbe sugu wa kibofu ni ugonjwa gani?

Kibofu ni mfuko wa misuli unaohifadhi mkojo, na kwa ndani umetandikwa utando unaozuia mkojo usiifikie nyama na mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Utando huo ukichakaa, au nyama hiyo ikivimba kwa muda mrefu pasipo kuwa na vijidudu, mtu huanza kuhisi maumivu au mgandamizo chini ya kitovu, ambao huzidi kibofu kinapojaa, hupoa akishakojoa, kisha hurudi upesi. Mchana huenda haja ndogo mara nyingi kupita kiasi, na usiku haupiti bila kuamka mara kadhaa. Hali hiyo ikiendelea zaidi ya wiki 6, na vipimo visionyeshe maambukizi wala sababu nyingine, ndipo daktari huanza kuufikiria ugonjwa huu.

Neno uvimbe lisimtie mtu hofu. Halimaanishi donge wala saratani. Linamaanisha wekundu, joto na msongamano wa chembechembe za kinga ndani ya ukuta wa kibofu, kama ngozi inavyofura mahali ilipoumwa na mdudu.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Alexander Skene aliutaja kwa jina nchini Marekani mwaka 1887, na mwaka 1915 Guy Hunner, tabibu wa magonjwa ya wanawake mjini Baltimore, alieleza mabaka mekundu yanayovuja damu aliyoyaona ndani ya vibofu vya wagonjwa wake. Yeye alidhani ni vidonda. Leo inajulikana kwamba si vidonda hasa, lakini bado huitwa mabaka ya Hunner, na yatatajwa tena hapa chini kwa sababu ndiyo upande wa ugonjwa huu ulio karibu zaidi na habari ya kinga ya mwili.

Kinga ya mwili inaingiaje katika maumivu ya kibofu?

Kazi ya kinga ni kumtambua adui na kumshambulia. Katika magonjwa ya kinga kujishambulia, utambuzi huo huharibika, na askari wa mwili huwageukia wenyeji: viungo katika baridi yabisi, tezi za mate na machozi katika ugonjwa wa Sjögren, na karibu kiungo chochote katika lupasi. Swali ambalo watafiti wamelishughulikia kwa miaka mingi ni iwapo kibofu nacho ni mmoja wa wenyeji hao. Nchini Ufini, tangu miaka ya 1970, kundi la madaktari lilipata ndani ya damu ya baadhi ya wagonjwa wa kibofu kingamwili zinazoshambulia seli za mwili wenyewe, na tangu hapo mjadala haujafungwa.

Hoja za wanaosema ndiyo ni nzito. Ugonjwa huwapata wanawake kuliko wanaume, kama yalivyo mengi ya magonjwa ya kinga kujishambulia (katika lupasi, wagonjwa 9 hivi kati ya 10 ni wanawake). Huja kwa vipindi vya kuwaka na kupoa. Ukuta wa kibofu chenye mabaka ya Hunner, ukikatwa kipande na kutazamwa kwa hadubini, huonekana umejaa chembechembe nyeupe za aina ile ile inayotengeneza kingamwili. Tena ugonjwa wa Sjögren hupatikana kwa wagonjwa wa kibofu mara nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa watu wengine.

Lakini wenye kibofu kinachouma wengi hawana mabaka hayo. Kwao kamera inayoingizwa ndani huonyesha kibofu kilicho karibu sawa na cha mtu mzima wa afya, uvimbe ni mdogo au haupo, na shida yao inaelekea zaidi kwenye mishipa ya fahamu iliyokuwa nyepesi kupita kiasi, au misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza. Wataalamu wa Asia Mashariki siku hizi huutenga ugonjwa wenye mabaka kuwa ugonjwa wa peke yake. Kwa maoni ya mwandishi wamefanya vyema, maana kuwaweka wagonjwa wote katika kapu moja kumewafanya wengine wapewe dawa kali zisizowahusu na wengine wanyimwe zinazowafaa.

Kwa hiyo nina ugonjwa wa kinga kujishambulia?

Pengine hapana. Kibofu kinachouma, peke yake, hakitoshi kusema hivyo.

Ni dalili gani nyingine zinafaa kumfanya daktari aunganishe mambo haya mawili?

Hapa ndipo penye uzito wa ukurasa huu. Mgonjwa wa pwani huwa na faili kadhaa zisizoonana: macho yake yanajulikana na mtu wa miwani, magoti yake yanajulikana na kliniki, meno yake yameng'olewa mahali pengine, na mkojo wake unajulikana na muuza dawa. Kila mmoja ametibu kipande chake. Ni mgonjwa mwenyewe tu anayevijua vipande vyote, na mara nyingi hajaulizwa.

Basi mwambie daktari, hata kama hakuuliza, iwapo una macho makavu yanayochoma kana kwamba yameingiwa na mchanga, au kinywa kikavu kiasi kwamba huwezi kumeza mkate wa mofa bila kuusukuma kwa maji. Hiyo ya mkate ni dalili ya kuaminika kuliko kusema tu kwamba una kiu, kwa sababu kila mtu ana kiu mwezi wa Februari. Meno yanayooza mengi kwa muda mfupi, na mashavu yanayovimba mbele ya masikio, huelekeza huko huko kwa Sjögren. Viungo vya vidole vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa huelekeza kwenye baridi yabisi. Upele wa mashavuni unaozidi juani, nywele kukatika kwa mafungu, vidonda vya kinywa visivyouma, mimba kuharibika mara kwa mara, na homa zisizo na sababu huelekeza kwenye lupasi.

Uchovu pia utajwe, ijapokuwa mtu anayeamka mara sita usiku ana sababu ya kuchoka bila kutafuta ugonjwa mwingine.

Ugonjwa wa Sjögren unakifikiaje kibofu?

Henrik Sjögren alikuwa daktari wa macho nchini Sweden, na tasnifu yake ya mwaka 1933 ilihusu ukavu wa macho kwa wanawake wenye maumivu ya viungo. Hakuna aliyetazamia kwamba jina lake lingefika kwenye kibofu. Baadaye, watafiti walipata kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili zinazoshika vipokezi ambavyo mishipa ya fahamu hutumia kuziamuru tezi za mate zitoe mate na misuli ya kibofu ijikaze. Vipokezi ni vya jamii moja. Hivyo ni jambo la akili kwamba kinachokausha kinywa kinaweza pia kuvuruga kibofu. Hiyo ndiyo njia inayofikiriwa zaidi, ingawa haijathibitishwa kwa kila mgonjwa.

Kuna njia nyingine mbili zinazosahauliwa. Mwenye kinywa kikavu hunywa maji mengi, na anayekunywa maji mengi hukojoa sana bila kibofu chake kuwa na ugonjwa wowote. Pili, Sjögren inaweza kuzidhuru figo, zikashindwa kuukoleza mkojo. Tofauti huonekana kwenye kipimo cha ujazo: mwenye kibofu kilichovimba hukojoa mara nyingi kidogo kidogo, mwenye kiu, mwenye figo zilizodhurika na mwenye kisukari hukojoa mara nyingi na kila mara ni mkojo mwingi. Kwa sababu hiyo, daftari la mkojo, ambalo limeelezwa chini, lina thamani kuliko vipimo vingi vya fedha nyingi.

Na lupasi je?

Lupasi ikigusa njia ya mkojo, kwa kawaida hugusa figo. Mkojo wenye povu lisilokatika, miguu na uso kuvimba, na shinikizo la damu kupanda ni mambo ya kumpeleka mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo, wala si ya kungoja kliniki ya mwezi ujao. Kuvimba kwa kibofu kunakosababishwa na lupasi yenyewe kupo, lakini ni nadra, na taarifa zake nyingi zimetoka Japani na nchi jirani. Namna yake ni ya ajabu kidogo: mgonjwa huja akilalamikia tumbo, anatapika na kuharisha, na kumbe ukuta wa kibofu umenenepa na mirija inayotoka kwenye figo imeanza kuziba. Kipimo cha picha ya sauti huonyesha figo zilizotanuka. Hali hii, tofauti na uvimbe wa kawaida wa kibofu, hutibiwa kwa steroidi (dawa za kupoza uvimbe na kushusha kinga), na kuchelewa kunaweza kuigharimu figo.

Je, dawa za lupasi zinaweza kuwa ndizo zinazoniumiza kibofu?

Ndiyo, na moja yapo inajulikana sana kwa jambo hilo. Saiklofosfamaidi, inayotumiwa lupasi inapoingia kwenye figo au mishipa ya damu inapovimba vibaya, hugeuzwa na mwili kuwa, pamoja na mambo mengine, akrolini, sumu inayouchoma utando wa kibofu inapotolewa na mkojo. Mgonjwa hukojoa damu, wakati mwingine mabonge. Ndiyo maana huambiwa anywe maji mengi na asibane mkojo siku ya dawa, na hospitali huweza kumpa mesna, dawa inayoishika sumu hiyo kabla haijakichoma kibofu. Aliyewahi kuitumia kwa muda mrefu aendelee kupimwa mkojo hata baada ya miaka, kwa kuwa huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Damu kwenye mkojo wa mtu huyo haipaswi kuitwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) bila kuangaliwa kwa kamera.

Mbona kila nikienda nimeambiwa ni UTI?

Kwa sababu dalili zinafanana, na kwa sababu ni rahisi kuuza vidonge kuliko kuotesha mkojo. Kijiti cha kupimia mkojo huonyesha dalili za maambukizi, hakimtaji mdudu. Kinachomtaja ni kuotesha mkojo maabara kwa siku moja hadi tatu, kisha kujaribu ni dawa gani inamuua. Mtu aliyepewa antibayotiki mara tano kwa mwaka mmoja na mkojo wake haujaoteshwa hata mara moja, hajatibiwa; amebahatishiwa. Baadhi hupata nafuu ya siku chache baada ya kila dozi, kwa kuwa ugonjwa huu wenyewe huja na kupoa, na nafuu hiyo huwafanya waamini kwamba dawa ilikuwa sahihi. Miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo nchini Marekani inakataza wazi antibayotiki za muda mrefu kwa mwenye uvimbe wa kibofu usio na vijidudu.

Hata hivyo mtu mwenye ugonjwa wa kinga anaweza kupata maambukizi ya kweli kwa urahisi, hasa akiwa anatumia steroidi au dawa nyingine za kushusha kinga. Kwa hiyo homa, baridi ya kutetemeka au maumivu ya ubavuni yasichukuliwe kuwa ni ule ule ugonjwa wa siku zote.

Kwa nini naulizwa kuhusu kichocho na kifua kikuu wakati naulizia kinga ya mwili?

Kwa sababu hapa ni pwani ya Kenya, si Baltimore. Kabla ya kumtuhumu mwenyeji, hakikisha hakuna mgeni ndani ya nyumba. Kichocho cha mkojo kipo Kilifi na kwenye delta ya Mto Tana, na watu wa Lamu na Malindi hutembea, huoa na hulima huko. Mayai ya mnyoo unaokileta hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na kinga ya mwili huyazingira na kuyashambulia kwa miaka, hata kibofu kikawa kigumu kama ngozi kavu. Huo pia ni uvimbe unaoletwa na kinga, ila kinga hapo haijakosea: adui yupo. Dawa yake, praziquantel, hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito.

Wavuvi huuliza kama wameipata baharini. Hapana, konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji baridi ya mito, mabwawa na mifereji, wala hawaishi kwenye maji ya chumvi. Ulizia utoto wako: ulioga wapi, ulichota maji wapi. Mkojo wa kupimia kichocho unafaa utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Sampuli ya alfajiri, iliyochukuliwa kwa haraka ili mtu aiwahi mashua, inaweza kuwa safi na ugonjwa ukawapo.

Kifua kikuu cha njia ya mkojo nacho hujificha vivyo hivyo: usaha upo kwenye mkojo, lakini ukioteshwa kwa njia ya kawaida hauoti kitu. Kinahitaji kipimo chake maalumu. Na daktari akikosea hapa, akampa mgonjwa wa kifua kikuu dawa za kushusha kinga akidhani ni ugonjwa wa kinga kujishambulia, madhara yake ni makubwa. Hiyo ndiyo sababu ya maswali yote haya yanayoonekana kuwa ya kuzunguka.

Daftari la mkojo ni nini, na linaandikwaje?

Ni daftari lolote. Mama mmoja wa Faza alifika na daftari la hesabu la mwanawe wa darasa la tatu, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na ndani ameandika kwa siku tatu kila saa aliyokwenda msalani, kiasi alichokojoa na alichokunywa. Alikuwa amepima kwa kikombe cha plastiki chenye alama za mililita: 60, 80, 50, 70, mara 19 kwa mchana na usiku, ilhali kibofu kizima huchukua mililita 300 hadi 400 bila kulalamika. Pembeni ameandika "kahawa" mahali pawili, na karibu na kila kahawa alama ya maumivu. Hakuna kipimo cha maabara ambacho kingesema mambo hayo yote kwa pamoja.

Siku hiyo hiyo mkojo wake kikombeni ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipomwuliza alisema, "Mwanangu, maji nimeyaacha tangu isha. Mashua haina choo." Jambo hilo linaeleweka, ila mkojo mzito huukera zaidi utando uliochakaa, na safari anayoiogopa huwa ngumu kuliko ambavyo ingekuwa. Kunywa kidogo kidogo ni bora kuliko kujinyima.

Nitapimwa vipimo gani?

Kwanza mkojo: kijiti, kuotesha, kutafuta mayai ya kichocho, na sukari. Halafu picha ya sauti ya figo na kibofu. Dalili zikielekeza, damu hupimwa kingamwili dhidi ya viini vya seli, na ile iitwayo Ro inayohusiana na Sjögren. Tahadhari: kipimo cha kwanza kati ya hivyo viwili huweza kuonyesha ndiyo kwa watu wazima wa afya wasio na ugonjwa wowote, kwa hiyo karatasi ya maabara pekee haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa lupasi. Wapo walioishi na jina hilo kwa miaka kwa sababu ya karatasi moja.

Kipimo kinachoamua kuhusu mabaka ya Hunner ni kamera inayoingizwa kibofuni na daktari wa njia ya mkojo. Wakati mwingine hufanywa mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, ili kibofu kijazwe maji na kutanuliwa, na kipande kidogo kikatwe. Kwa wakazi wa Lamu, rufaa ya aina hii kwa kawaida ni ya Mombasa.

Tiba yake ni ipi?

Hakuna dawa moja inayouondoa ugonjwa kabisa, na anayeiahidi anauza kitu. Matibabu hupandishwa ngazi kwa ngazi, kuanzia yale yasiyodhuru.

Ngazi ya kwanza ni chakula, maji, kukizoeza kibofu kungoja dakika chache zaidi kila wiki, na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga chini ya mtaalamu. Yale mazoezi ya kubana nyonga wanayofundishwa wanawake baada ya kujifungua hayafai kwa mtu ambaye misuli yake tayari imekaza, humwongezea maumivu. Ngazi inayofuata ni vidonge. Amitriptyline kwa kipimo kidogo usiku, kuanzia miligramu 10, hutuliza mishipa ya fahamu na kuleta usingizi. Hapa uhusiano na kinga una maana ya moja kwa moja: dawa hiyo, na nyingi zinazotolewa kutuliza kibofu chenye haraka, hukausha kinywa na macho. Kwa mgonjwa wa Sjögren hilo ni kumwongezea ukavu aliye jangwani, na daktari asiyejua kuhusu kinywa chake hatajua kwa nini mgonjwa ameziacha dawa.

Dawa iitwayo pentosan polysulfate, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ilionekana kuanzia taarifa za mwaka 2018 kwamba inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho kwa wanaoitumia miaka mingi. Mgonjwa wa lupasi anayemeza haidroksiklorokwini, ambayo nayo hutaka macho yapimwe, asianze dawa hii bila kumwambia daktari wa macho.

Kwa mwenye mabaka ya Hunner, kuyachoma kwa umeme au kuyadunga steroidi kupitia kamera huleta nafuu kubwa, wakati mwingine ndani ya siku chache, ingawa mabaka hurudi baada ya miezi au miaka. Ikishindikana, saiklosporini, dawa ya kushusha kinga, huwasaidia hao hao kuliko wasio na mabaka. Figo na shinikizo la damu hupimwa muda wote wa kuitumia, na tunda la balungi huachwa, maana huongeza kiwango cha dawa katika damu.

Kama ni ugonjwa wa kinga, kwa nini nisipewe steroidi za vidonge?

Kwa sababu kwa uvimbe wa kibofu usiotokana na lupasi, steroidi za muda mrefu hudhuru kuliko zinavyosaidia: mifupa hulegea, sukari hupanda, na maambukizi huzidi. Hata dawa mpya za kuzuia kinga si hakika. Jaribio la adalimumab, inayotumika sana kwa baridi yabisi, lililochapishwa mwaka 2014, halikuonyesha kwamba iliwasaidia wagonjwa wa kibofu kuliko sindano isiyo na dawa. Kama kibofu kingekuwa kiungo kingine tu cha baridi yabisi, ingetarajiwa jibu tofauti. Kumtibia mgonjwa Sjögren au lupasi yake ni sahihi. Kudhani kwamba kibofu kitapona chenyewe kwa tiba hiyo ni kutumainia mno, ingawa kwa wengine hupoa.

Niache vyakula gani?

Orodha za mitandaoni ni ndefu mno na zimeandikwa kwa jikoni nyingine. Jikoni la hapa, vinavyolalamikiwa zaidi ni kahawa chungu ya dele, pilipili, achari, ndimu, juisi ya ukwaju na ya mabungo, na nyanya nyingi kwenye mchuzi. Usiviache vyote maisha. Viache kwa wiki mbili hadi nne, kisha rudisha kimoja kimoja kila baada ya siku tatu na uandike daftarini. Wengi hugundua kwamba kinachowaumiza ni viwili au vitatu tu, na samaki wa kupaka anaweza kupikwa kwa nazi bila ndimu, ijapokuwa wazee watanung'unika.

Nikifunga Ramadhani?

Mashauriano yawe Shaabani, si siku ya tatu ya mfungo. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na uamuzi huo auchukue pamoja na daktari na shekhe wake, hasa kama ana lupasi ya figo au anatumia saiklofosfamaidi au saiklosporini. Anayefunga agawanye maji yake baina ya futari na daku, asiyanywe yote kwa mkupuo wakati wa daku, na afuturu kwa uji na tende badala ya ukwaju.

Je, naweza kumwambukiza mume wangu? Ni ugonjwa wa zinaa?

Hapana kwa yote mawili. Tendo la ndoa linaweza kuuma, na ni vyema mume alisikie hilo kutoka kwa mhudumu wa afya mkewe akiwapo, kwa sababu baadhi ya ndoa zimeingia doa kwa dhana tu. Wanaume nao huugua, lakini kwao huitwa tezi dume kwa miaka.

Nina mimba. Kuna jambo la kufanya?

Ikiwa uchunguzi wa kibofu ndio uliofichua Sjögren au lupasi, sema mapema kliniki ya wajawazito. Kingamwili iitwayo Ro huvuka kondo la nyuma na, kwa watoto wachache, huathiri umeme wa moyo wao, ukapiga polepole kupita kiasi. Hilo hufuatiliwa kwa kuusikiliza na kuupima moyo wa mtoto kuanzia katikati ya mimba. Dawa zote za kibofu zipitiwe upya pia.

Nikipewa rufaa ya Mombasa, nichukue nini?

Chukua daftari la siku tatu, majibu yote ya kuotesha mkojo hata yaliyosema hakuna kitu, orodha au maganda ya dawa ulizowahi kutumia, na karatasi ya macho na ya viungo kama zipo. Safari ya mashua hadi Mokowe, upande wa bara, ni fupi. Basi ndilo refu. Mwambie kondakta kabla ya kuondoka kwamba una ugonjwa wa kibofu na utahitaji kushuka, kwa sababu akiambiwa mkiwa Garsen, katikati ya njia, huku abiria wengine wamelala, atasema angeambiwa mapema.